Mombasa kwa Wikendi Moja na Watoto, Bila Kukausha Mfuko: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikiwa familia inayotoka Nairobi Ijumaa na kurudi Jumapili, ikalala Mombasa usiku mbili. Pesa zote ni shilingi za Kenya. Nauli za treni ni zile zilizoanza Januari 2024. Viwango vingine ni vya kutenga tu: si bei iliyobandikwa ukutani, na msimu wa Krismasi au Pasaka vyote hupanda.

Familia ya watu wanne itenge kiasi gani?

Tuchukue wazazi wawili na watoto wawili wa kati ya miaka 3 na 11. Shilingi 29,000 zinatosha bila kujinyima wala kujionyesha:

- Treni, kwenda na kurudi: 9,000
- Malazi, usiku 2: 7,000
- Matatu na tuktuk, pamoja na kufika Syokimau, kwenye stesheni ya treni ya Nairobi: 3,000
- Chakula na maji ya kunywa: 5,500
- Fort Jesus (ngome ya kale ya Wareno) na mtembezaji: 1,500
- Ufuoni: 1,000
- Akiba ya dharura: 2,000

Hesabu ya treni ni hivi: daraja la kawaida ni 1,500 kwa mtu mzima kwa safari moja. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, yaani 750. Aliye chini ya miaka 3 halipi nauli lakini pia hana kiti, utampakata. Akishatimiza 12 ni mtu mzima mbele ya karani wa tiketi, hata kama bado analilia dirisha. Daraja la kwanza ni 4,500, na kwa safari ya aina hii ni kuchoma pesa: treni ni ileile, saa ni zilezile.

Pesa zikipungua, usikate chakula wala Fort Jesus. Kata malazi. Hapo ndipo familia nyingi hutumbukiza pesa zisizohitajika, na swali la kulala lina jibu refu hapa chini.

Treni au basi?

Kwa watoto, treni. Basi hukaa barabarani saa 8 mpaka 10, na ajali au msongamano wa malori karibu na Mariakani unaweza kuongeza mbili juu yake. Treni ina choo ndani, watoto wanaweza kusimama na kutembea, na saa ya kufika inajulikana. Basi lina faida mbili tu: linakushusha kisiwani, Mwembe Tayari, na unaweza kupata kiti siku hiyohiyo. Kwa hiyo likumbuke kama mpango wa pili tiketi za treni zikiisha.

Tiketi hukatwaje, na mbona kila mara zimeisha?

Unapiga *639# au unatumia tovuti ya Shirika la Reli, unajaza majina na namba za vitambulisho, unalipa kwa M-Pesa. Zimeisha kwa sababu kila mtu anataka treni zilezile mbili: ya Ijumaa kwenda na ya Jumapili kurudi. Kata wiki mbili kabla kwa wikendi ya kawaida. Kwa wikendi yenye sikukuu ya Jumatatu au kipindi cha shule kufungwa, kata mara tu tarehe hiyo inapofunguliwa.

Makosa yanayowagharimu watu ni haya. Kwanza, kukata ya kwenda na kusema ya kurudi tutaiona hukohuko. Ya kurudi Jumapili ndiyo ngumu zaidi kupata, ikate ya kwanza. Pili, kukata tiketi vipande vipande: baba na mtoto mmoja leo, mama na mwingine kesho. Mtakaa mabehewa tofauti. Kata wote kwa mkupuo mmoja. Tatu, kuacha oda bila kulipa huku ukitafuta pesa ya kuweka kwenye simu. Isipolipwa kwa wakati, viti vinarudi sokoni. Weka salio kwanza, halafu ndipo upige namba. Nne, kuandika jina la nyumbani badala ya lililo kwenye kitambulisho. Kwa watoto, beba nakala ya cheti cha kuzaliwa, maana karani akitilia shaka umri ndiyo itakayokuokoa na nauli kamili.

Tupande treni ipi?

Kuna ya saa 2 asubuhi, ya saa 9 alasiri na ya saa 4 usiku, pande zote mbili.

Ya saa 9 alasiri Ijumaa ndiyo bora kwa wikendi. Inafika baada ya saa 2 usiku, mnakula na kulala, na Jumamosi nzima ni yenu. Ubaya wake ni kwamba mtoto atakosa masomo ya mchana huo, na mzazi ataomba ruhusa kazini.

Ya saa 4 usiku inavutia kwa sababu huonekana kama inaokoa usiku mmoja wa malazi. Kwa watu wazima, sawa. Kwa watoto ni mtego. Inafika mnamo saa 9 na nusu usiku wa manane, chumba chako hakitafunguliwa mpaka mchana, na viti vya daraja la kawaida vimesimama wima na kutazamana, hakuna pa kulalia. Mtoto asiyelala usiku atalala mchana ndani ya Fort Jesus, begani mwako.

Ya saa 2 asubuhi husimama stesheni za njiani kama Emali, Mtito Andei na Voi, nayo inafika mchana. Ni nzuri ukitaka watoto waione Tsavo kwa mwanga, lakini ukiipanda Jumamosi inakula siku yako.

Tukae upande gani?

Ukielekea Mombasa, kulia. Siku isiyo na mawingu Mlima Kilimanjaro huonekana upande huo. Hutachagua kiti wakati wa kukata tiketi, ila abiria hubadilishana viti wenyewe ukiomba kwa upole. Tembo huonekana pande zote mbili ndani ya Tsavo, na wengi wana rangi ya udongo mwekundu wa huko. Waambie watoto watafute kitu chekundu, si cha kijivu.

Ukaguzi wa Syokimau ukoje?

Fika saa moja na nusu kabla. Mabegi yote hupangwa chini kwa mstari, watu husogea pembeni, mbwa wa polisi hupita kunusa. Mtoto anayeogopa mbwa mwambie mapema. Kisha mizigo hupita kwenye mashine, tiketi huchapishwa kwa namba uliyotumiwa, halafu kuna ukaguzi mwingine kabla ya kupanda. Pombe, visu, mikasi na vitu vya kupuliza vinavyoshika moto havipiti. Kisu kidogo cha kumenyea maembe kitabaki pale, kwa hiyo menya matunda nyumbani.

Chakula cha nyumbani ndani ya treni hakina shida, na hapo unaokoa pesa kuliko unavyodhani: chapati zilizokunjwa, mayai ya kuchemsha, ndizi, chupa ya maji kwa kila mtu. Beba na leso au sweta. Kipoza hewa cha behewa kina baridi, na wanaotetemeka ni watoto waliovishwa nguo za ufuoni tangu Nairobi.

Kufika Syokimau, treni ya abiria inayotoka stesheni ya katikati ya jiji ni nafuu na haishikwi na foleni ya Mombasa Road. Ijumaa mchana hilo si jambo dogo.

Kutoka stesheni ya Mombasa hadi mjini?

Stesheni iko Miritini, nje ya kisiwa. Treni inapofika, matatu zinangoja nje na makondakta wanaita "Town! Town!" Tenga shilingi 100 hadi 150 kwa kichwa, uliza nauli kabla ya kupanda na ulize kama mtoto wa kupakatwa analipiwa. Teksi za programu za simu hufika pia, lakini treni ikishusha abiria mia kadhaa kwa pamoja bei yao hupaa. Ukisubiri dakika 20 hivi, inashuka. Anayekufuata ndani ya ukumbi akinyakua begi na kusema "teksi, mzee, teksi mama" si mbaya, ila bei yake ni ya mgeni.

Tulale wapi?

Lala kisiwani. Matangazo yote yatakuvuta Nyali, Bamburi na Shanzu kwa sababu ya bahari, na chumba cha huko kinaweza hata kuwa na bei sawa na cha mjini. Tofauti iko kwenye nauli na muda. Ukilala Bamburi, kila ukitaka Mji wa Kale unavuka daraja la Nyali kwa matatu au tuktuk, watu wanne, kwenda na kurudi, na jioni daraja lina foleni yake. Ukilala kisiwani, Fort Jesus, Mji wa Kale, soko la Marikiti na chakula cha jioni vyote unavifikia kwa miguu au kwa tuktuk fupi. Ufuoni utakwenda mara moja tu, nusu siku.

Mitaa ya kuangalia ni ile iliyo kati ya Moi Avenue, Nkrumah Road na Fort Jesus, pamoja na Tudor na Kizingo. Tudor ni ya makazi, tulivu, na nyumba za kukodi kwa siku ni nyingi. Kizingo ni karibu na Mama Ngina Waterfront lakini bei yake imejaa upepo wa bahari. Mwembe Tayari ni rahisi na kuna mabasi usiku kucha, ndiyo maana hakulaliki na mtoto mchanga.

Kwa familia, nyumba ya chumba kimoja yenye jiko inashinda vyumba viwili vya gesti. Chai ya asubuhi na maziwa ya mtoto unajichemshia mwenyewe. Mwulize mwenye nyumba moja kwa moja: "Watoto wawili wanahesabiwa?" Wengine huongeza pesa mkishafika.

Nikague nini kabla ya kulipa?

Washa feni na uiache izunguke dakika mbili. Feni inayolegea usiku ina kelele na haisukumi hewa, na Mombasa bila feni mtoto halali. Tazama chandarua kama kimetoboka. Fungua bomba uonje maji kwa ncha ya ulimi. Nyumba nyingi za kisiwani hutumia maji ya kisima yenye chumvichumvi. Kuogea yanafaa, ingawa sabuni haitoi povu vizuri, lakini chai itakuwa na ladha ya ajabu na uji wa mtoto utakataliwa. Nunua dumu la maji ya kunywa la lita 10 au 20 dukani jioni ya kwanza. Ni nafuu mara kadhaa kuliko chupa za nusu lita za njiani.

Mwisho, uliza umeme wa tokeni uko ndani au unanunua mwenyewe.

Fort Jesus: twende saa ngapi, na mle ndani kuna nini cha mtoto?

Ngome hufunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Fika saa 2 kamili. Kuanzia saa 4 na nusu jua linapiga ua wa katikati, kuta zinarudisha joto, na watoto wanaanza kuuliza soda. Anayefika saa 6 mchana hulipa kiingilio kilekile akaona robo ya mambo.

Malipo ni kwa simu kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen. Hakikisha M-Pesa ina salio na simu ina chaji, na beba kitambulisho. Viwango vya raia, wakazi, watu wa Afrika Mashariki na wageni ni tofauti, na bila kitambulisho huna hoja.

Saa moja na nusu hadi mbili zinatosha. Wareno walianza kuijenga 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milano, kwa mawe ya matumbawe yaliyochongwa hapohapo. Waonyeshe watoto picha ya ngome kutoka angani kwenye simu kabla ya kuingia: inafanana na mtu aliyelala, kichwa kikielekea baharini. Kisha wakiwa ndani waulize, "Sasa tuko begani au mguuni?" Mchezo huo peke yake unawatembeza ngome nzima.

Vinavyowashika watoto kweli ni mizinga, mifupa ya nyangumi, michoro ya meli na watu iliyochorwa ukutani na askari wa Kireno, na vitu vilivyotolewa kwenye jahazi la Santo António de Tanná. Hilo lilikuwa jahazi la kivita la Wareno lililozama hapo mbele ya ngome 1697, wakati Waomani wameizingira. Wazamiaji walianza kulichimbua 1977. Mzingiro wenyewe ulianza Machi 1696 ukaisha Desemba 1698, karibu miaka mitatu, na waliokuwa ndani waliuawa zaidi na njaa na maradhi kuliko risasi. Mtoto wa miaka 9 huelewa vizuri ukimwambia: hakuna kwenda dukani, hakuna anayetoka, mwaka wa kwanza, wa pili, na wa tatu unaanza.

Baadaye Waingereza waliifanya gereza, kuanzia 1895 hadi 1958. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 2011.

Tahadhari moja ya kweli: njia za juu ya kuta hazina vizuizi kila mahali, na upande wa pili ni shimo refu. Mtoto wa chini ya miaka 7 ashikwe mkono huko juu, si kuitwa kwa sauti.

Tuchukue mtembezaji?

Kama watoto wamefika umri wa kuuliza maswali, ndiyo. Mtembezaji mzuri anajua kufupisha. Waliosajiliwa wana kitambulisho shingoni. Elewaneni mlangoni mambo matatu: bei ya kundi zima na si ya kichwa, muda, na kama Mji wa Kale umo. Anayesema "utanipa chochote" ndiye atakayenung'unika mwisho, kwa hiyo mtajie wewe kiasi. Ukiwa na elfu moja mkononi kwa ngome na Mji wa Kale pamoja, mazungumzo yanaanzia mahali pazuri.

Mji wa Kale tuupite njia gani bila kupotea?

Ukitoka Fort Jesus, ingia kwa Mbarak Hinawy Road. Utapita Msikiti wa Mandhry, wa 1570, wenye mnara wa umbo la pia usiofanana na minara mingine ya mjini. Endelea mpaka uwanja ulio mbele ya Bandari ya Kale, majahazi yalikokuwa yakishusha tende na mazulia. Bandarini kwenyewe usipige picha bila kuuliza walinzi. Rudi kwa Ndia Kuu, barabara inayokwenda sambamba, na hapo ndipo penye roshani za mbao na milango ya nakshi. Karibu na hapo kuna Leven House na ngazi zake za kuteremkia majini. Jina linatokana na meli ya Waingereza iliyokuja miaka ya 1820.

Bila mtembezaji, mzunguko huu ni saa moja na kidogo. Ukipotea, teremka mpaka uone maji, kisha fuata bahari kulia: ngome itatokea.

Wape watoto kazi ya kuhesabu milango yenye misumari ya shaba. Na mlango ukiwa wazi, usichungulie. Hizo ni nyumba za watu.

Kigari cha mtoto kinafaa?

Hapana. Vichochoro ni vyembamba, pikipiki na mikokoteni hupita humohumo, na ngome ina ngazi. Mbebe kwa leso.

Tuvaeje, na adabu ni ipi?

Mji wa Kale ni mtaa wa Waislamu wengi. Mabega na magoti yafunikwe, kwa mama na kwa baba pia: kaptura ya ufuoni ibaki ufuoni. Leso moja begani inamaliza shida zote. Salimu kwanza kabla ya kuuliza njia au bei. "Assalamu aleikum" huitikiwa na kila mtu, na watoto wakimwamkia mzee "Shikamoo" wataongezewa kashata. Kina mama waliovaa buibui hawapigwi picha bila idhini. Ijumaa kuanzia saa 6 mchana maduka mengi hufungwa kwa swala.

Tule wapi na nini?

Mombasa ni jiji ambalo chakula cha bei ya chini ndicho kitamu zaidi, kwa hiyo mikahawa yenye menyu ya kung'aa iache.

Asubuhi: mahamri na mbaazi za nazi. Mahamri huuzwa moja moja. Mahamri mawili pamoja na bakuli nusu ya mbaazi yanamshibisha mtoto. Uliza mapema, maana ikifika saa 4 sufuria ya mbaazi imekwisha.

Mchana: sahani moja ya biriani au pilau ya mtu mzima huwatosha watoto wawili. Agiza sahani tatu kwa watu wanne, na uombe sahani tupu. Hakuna atakayekuangalia vibaya. Kwenye biriani, wali na sosi huja kama vitu viwili. Mwambie anayepakua apunguze sosi upande wa mtoto.

Jioni: viazi karai, bajia, mshikaki, kaimati na muhogo wa kuchoma, vya kununua barabarani. Viazi karai hupakwa unga wa njano na kukaangwa, huliwa na ukwaju. Hapa wageni huumia: vibakuli viwili hukaa pamoja, kimoja ukwaju na kingine pilipili, na taa ni hafifu. Onja wewe kabla ya kumpa mtoto. Chagua mahali mafuta yanachemka na watu wamepanga foleni. Kilichokaangwa mbele yako hakina neno, kilichopoa kwenye sinia tangu alasiri ndicho huleta tumbo.

Madafu ni salama kuliko juisi yenye barafu usiyoijua maji yake. Beba noti ndogo. Wengi hupokea M-Pesa, lakini foleni ya bajia haingoji ujumbe uliochelewa.

Ufuoni twende lini na wapi?

Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Bamburi, ambao watu wote huuita Pirates. Matatu za kupita Bamburi hutoka mjini muda wote, kiingilio hakuna, na maboya ya watoto hukodishwa hapo. Patana bei na muda kabla boya halijaguswa na maji.

Kabla ya kupanga saa, tazama mwezi. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: maji hupwa mnamo saa 4 au 5 asubuhi na kujaa mnamo saa 10 au 11 jioni. Kwa hiyo ngome asubuhi na bahari alasiri, wikendi imejipanga yenyewe. Wiki ya katikati, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi na kupwa alasiri, ingawa tofauti ya kina si kubwa kama ya bamvua. Wikendi kama hiyo peleka bahari Jumapili mapema.

Maji yakipwa sana bahari hurudi mbali na kuacha mawe, majani na viumbe wenye miiba inayokatikia mguuni. Watoto wavae viatu vya mpira. Yakijaa kabisa, ufuo wa mchanga hubaki mwembamba na mawimbi husukuma. Wakati mzuri wa mtoto kuoga ni saa moja na nusu kabla ya maji kujaa. Waogelee penye watu, na mtu mzima mmoja asiingie majini wala asishike simu, kazi yake iwe kuhesabu vichwa.

Kuna nini cha bure?

Feri ya Likoni: mtembea kwa miguu halipi. Nendeni na kurudi bila hata kutoka ng'ambo, meli kubwa za mizigo zikipita mlangoni mwa bandari. Epukeni asubuhi na jioni za siku za kazi, umati unateremka mteremko kwa kasi na mtoto mdogo haonekani.

Mama Ngina Waterfront ni mahali pa jioni, kuanzia saa 10 na nusu: mibuyu, upepo, muhogo wenye ndimu na pilipili. Meno ya tembo ya Moi Avenue, yaliyowekwa mara ya kwanza 1952 kwa ziara ya Elizabeth akiwa bado binti mfalme, ni picha ya dakika tano. Usivuke barabara hovyo kwa ajili yake. Marikiti ni ya pua zaidi ya macho, na viungo vya pilau vya kurudi navyo nyumbani vinanunuliwa hapo kwa vipimo vidogo.

Haller Park je?

Kama akiba haijaguswa. Ni machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi yaliyopandwa miti kuanzia 1971, na ndipo kiboko mdogo Owen, aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, alipofanya urafiki na kobe mkubwa aitwaye Mzee. Iko karibu na Pirates, hivyo iunganishe na siku ya ufuo. Kujaribu kuiweka siku moja na Fort Jesus ni kuwachosha watoto kwa pesa yako mwenyewe.

Msimu gani ni nafuu na mzuri?

Juni hadi Septemba, nje ya likizo ya Agosti: kusi inavuma, joto limepungua. Januari na Februari ni kaskazi, jua kali, na bei hushuka baada ya Mwaka Mpya. Aprili na Mei ni masika. Vyumba ni rahisi kabisa, ila mvua ikikaza mitaa ya kisiwani hujaa maji na ufuo huwa na majani. Wakati wa Ramadhani, mikahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa mchana, hivyo mtoto apikiwe nyumbani. Lakini baada ya magharibi hakuna wakati mwingine wenye chakula cha barabarani kama huo.

Watoto wakiugua?

Pwani ina malaria. Mtoto aliyezaliwa na kukulia Nairobi hana kinga yoyote: chandarua kila usiku, mikono mirefu kuanzia magharibi, na ulizia dawa ya kinga kliniki kabla ya safari. Homa yoyote ndani ya wiki chache baada ya kurudi, mwambie daktari kwamba mlikuwa Mombasa. Beba pakiti mbili za chumvi ya kuongeza maji mwilini. Mtoto aliyenyamaza ghafla juani, kichwa kinamuuma na hakojoi, mpeleke kivulini na mnyweshe polepole.

Tunatoka Tanga, au tuko nyumbani kwa likizo kutoka Ulaya. Kinachobadilika ni nini?

Kutoka Tanga mnaingia kwa mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga. Beba pasi au hati ya muda ya kusafiria kwa kila mtoto, na kama mzazi mmoja hayupo, barua yake ya ruhusa. Treni haiwahusu, kwa hiyo ile 9,000 ibadilishe kuwa nauli ya basi. Kwa walio ughaibuni, mtoto mwenye pasi ya kigeni hutozwa kiwango cha mgeni makumbushoni hata kama bibi yake ni wa Kisauni. Akiwa na hati ya Kenya, mje nayo.

Jumapili tutoke mjini saa ngapi?

Kwa treni ya saa 9 alasiri, muwe ndani ya matatu saa 6 na nusu. Foleni ya Changamwe haina adabu ya Jumapili, na ukaguzi wa Miritini ni uleule wa Syokimau: mabegi chini, mbwa, mashine, tiketi. Mwombe mwenye nyumba awawekee mizigo baada ya kutoka saa 4, wengi hukubali bila malipo. Nguo za ufuoni zenye maji zifungwe mfuko wa peke yake, mchanga ukung'utwe kabla. Achari na mabuyu vikae kwenye kontena lenye kifuniko cha kuzungusha, maana pakiti za nailoni hupasuka chini ya mabegi mengine na rangi yake nyekundu haitoki kwenye sare ya shule.